Bundi Darini, Korongo wa Ukoo na Ndege wa Asali

Barua tatu zimetufikia katika muda wa wiki chache, moja kutoka Kisumu na mbili kutoka Nakuru, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, ndege au mnyama anaweza kuwa mjumbe au kiongozi wa mtu? Nimeamua kuzijibu pamoja, nikianza na ile iliyonigusa zaidi.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Mama yangu alifariki miezi miwili iliyopita nyumbani kwetu, upande wa Ahero. Siku chache kabla ya kifo chake, bundi alianza kutua kila usiku juu ya nyumba yake, na hata sasa, baada ya matanga, bado yupo. Usiku tunasikia darini sauti kama ya mtu anayekoroma. Baba zangu wadogo wanasema kwamba tula huyo, kama tumwitavyo bundi kwa Kijaluo, ndiye aliyemwita mama, na wanataka dari ivunjwe ili auawe. Binti yangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, anasema amesoma kwamba kwa washamani bundi ni kiongozi wa roho, na kwamba huenda nyanya yake amemtuma anilinde. Nimekaa katikati yao na sijui nimsikilize nani. Msomaji, Kisumu.

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mama. Barua yako ina maswali mawili: ndege huyo ni nani, na amekuja kusema nini. Wengi hulikimbilia swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza, na hapo ndipo ndege huuawa.

Sauti hiyo ya kukoroma, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya makinda. Bundi apendaye kukaa darini na ghalani ni yule mweupe tumboni, mwenye uso wa umbo la moyo, naye halii kwa mlio mzito wa kujirudia kama bundi wengine. Yeye hupiga ukelele mkali, na makinda wake wanapoona njaa hukoroma usiku kucha, mfano wa mzee aliyelala chali. Tafuta chini ya mahali anapoingilia na utaona vitonge vyeusi, vyenye ukubwa wa kidole gumba, ambavyo hung'aa vikiwa bado vibichi. Niliwahi kuokota kimoja nyuma ya ghala la mahindi huko Njoro, nikakiloweka katika maji ya uvuguvugu, nikakipasua polepole kwa kijiti. Ndani mlikuwa na mafuvu manne ya panya, meno yao ya mbele yangali na rangi ya chungwa, yote yakiwa yamezungushiwa manyoya kana kwamba mtu ameyafunga kwa uangalifu ili yasivunjike njiani. Nyumbani kwenu ni karibu na mashamba ya mpunga, na penye mpunga panya hawakosi.

Kuhusu majira ya kuja kwake, nakuomba ukumbuke zile siku za mwisho za mama. Nyumba yenye mgonjwa hailali. Watu hukesha kwa zamu, hunong'ona, husikiliza pumzi ya mgonjwa, na masikio yanayosikiliza pumzi husikia pia kila kinachotua juu ya mabati. Bundi aliyepita mwaka jana wakati wote mmelala hakuna anayemkumbuka. Huyu wa mwaka huu hatasahaulika kamwe, kwa sababu alisikika katika usiku ambao hakuna aliyelala.

Hata hivyo sisemi kwamba baba zako wadogo ni watu wa kupuuzwa. Hofu ya bundi haiko kwa Wajaluo peke yao. Utaikuta kwa Waluhya, kwa Wakikuyu na kwa Waswahili wa pwani, nayo imejengwa juu ya kumtazama ndege mwenyewe. Kingo za mabawa yake zina nyuzi laini zinazokata upepo, kwa hiyo huruka bila sauti yoyote. Husikia panya gizani na kumdaka bila kumwona. Na uso wake hutazama mbele kama uso wa mtu. Kiumbe anayekuja bila kusikika na kuondoka na uhai, ni nani angeshangaa wazee wakimhusisha na kifo? Lakini tazama Waainu wa kaskazini mwa Japani, ambao kwao bundi mkubwa mla samaki ni mungu mlinzi wa kijiji, au Wagiriki wa kale, waliomweka bundi kando ya Athena, mungu wao wa hekima. Bundi hakuleta maana hizo mdomoni mwake. Kila jamii ilimpa kazi kulingana na ilivyoishi naye, na kwa hiyo asemaye kwamba bundi daima ni kifo, na asemaye kwamba bundi daima ni mlinzi, wote wawili wamemwondoa ndege mahali pake.

Sasa nije kwa binti yako. Neno shamani limetoka kwa Waevenki wa Siberia na kuenea duniani kupitia Kirusi. Kwao shamani ni mtu anayeaminika kusafiri kwa roho, ngoma ikilia, kwenda kuitafuta roho ya mgonjwa iliyopotea, na wanyama ndio wanaomwezesha kufika huko. Ngoma yake ya ngozi ya kulungu husemwa kuwa ndiyo kipando chake, na vazi lake huning'inizwa vipande vya chuma, vingine vikiwa na umbo la ndege. Waburyati wanaoishi karibu na Ziwa Baikal husimulia kwamba shamani wa kwanza alikuwa tai. Ndege wa majini wanaopiga mbizi wana heshima ya pekee huko, kwa kuwa ndege mmoja huruka angani, hutembea ardhini na kuzama majini, na hivyo huzipitia tabaka zote tatu za ulimwengu kama watu wale wanavyozihesabu. Aliyewahi kusimama ufukoni Dunga asubuhi na mapema, akamtazama mnandi akizama mahali pamoja na kuibuka kwingine na samaki mdomoni, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Jambo ambalo nadhani binti yako hakulikuta katika aliyoyasoma ni kwamba kiongozi wa namna hiyo humjia mtu kwa gharama kubwa. Huko Siberia aliyeitwa huugua, wakati mwingine kwa miaka, na wengi walikubali kazi hiyo kwa sababu kuikataa kulikuwa kubaya zaidi. Kwetu pia hatuhitaji kwenda mbali, kwa maana juogi, yaani pepo, humwingia mtu kwa mateso kabla hajawa ajuoga, yaani mganga. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba alimezwa na nyoka mkubwa mno wa ziwani, aitwaye Mumbo, kisha akatemwa akiwa na ujumbe. Ujumbe huo ulivuka hadi Gusii, nao ukaisumbua serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Katika simulizi zote hizi mnyama humjia mtu aliyepewa kazi ya kuwafanyia wengine, kuponya au kutangaza, na jamii ndiyo inayoamua kama inamkubali au la. Wewe hujapewa kazi kama hiyo. Wewe umefiwa na mama, na kufiwa kunatosha bila kuongezewa mzigo wa kufasiri kila kinachotua juu ya paa.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Waendee baba zako wadogo kwa heshima wanayostahili, pamoja na kaka zako kama wapo, uwaambie kwamba darini mna makinda na kwamba unaomba muda. Makinda wa bundi huyu huruka baada ya takriban wiki nane tangu kuanguliwa, na wakisharuka fundi anaweza kuziba tundu kwa ubao au waya bila kumwaga damu katika nyumba ya marehemu. Wakumbushe habari ya Nyakach, ambako chatu Omieri aliungua katika moto mwaka 1987, na chatu mwingine alipoonekana mwaka 2003 akapewa jina lilo hilo, na wengi wakataka asiguswe kwa kuwa walimhusisha na mvua na mavuno. Kumwacha mnyama aliyejileta nyumbani ni jambo lenye mizizi katika mila za ziwani, wala hutakuwa umewaletea mila ya kigeni. Na ikiwa ukisikia mkoromo ule usiku unamkumbuka mama, huo ni ukumbusho wako halali, ambao huhitaji kibali cha shamani wala cha mtu mwingine yeyote.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nakuru, wa ukoo wa Moi wa Wakalenjin. Babu alinifundisha kwamba kong'ony, aina ya korongo, ni mnyama wetu. Hivi karibuni nilijibu maswali fulani kwenye intaneti, nikaambiwa kwamba mnyama wangu wa roho ni mbwa mwitu wa kijivu. Je, naweza kuwa na wote wawili? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu, hao wawili hawafanyi kazi moja. Kong'ony, yule korongo mwenye taji, ulimrithi kutoka kwa baba yako kama ulivyorithi jina la ukoo. Yeye ni wako na wa kila mtu wa oret yenu, yaani ukoo wenu, hata wale usiowajua. Hukuulizwa tabia yako ikoje ndipo upewe. Mnyama wa ukoo hueleza nani ni ndugu yako, na huweka mipaka ya mnayeweza kumdhuru. Ukoo wa Talai una simba, na humo ndimo walimotoka orkoiyot, viongozi wa kiroho wa Wanandi, akiwemo Koitalel arap Samoei aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Kwa Wagusii, Abanchari wana kiboko. Huo ni utaratibu wa undugu, na kuuita ushamani ni kuuchanganya na jambo jingine.

Wazo kwamba kila mtu, popote alipo, ana mnyama wake wa nguvu anayeweza kumgundua kwa mazoezi mafupi lilienezwa hasa na Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Washuar wa Ekuado na Wakonibo wa Peru, kupitia kitabu alichokitoa mwaka 1980. Alitafuta yale aliyoyaona kuwa ya pamoja katika mila nyingi, akayatenga na mila zenyewe ili mtu wa mjini aweze kuyatumia. Wapo waliofarijika kwa njia hiyo, nami siwakejeli. Lakini mbwa mwitu wa kijivu haishi Kenya; hujawahi kuona nyayo zake wala kusikia akilia, wala hakuna mzee anayeweza kukusahihisha ukikosea juu yake.

Kong'ony unaweza kumwona kwa macho yako. Nenda Ziwa Ol Bolossat asubuhi uwatazame wakicheza: mmoja huinamisha kichwa, hukunjua mabawa, huruka juu miguu ikining'inia, na mwenzake hujibu. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu vinamasi anamotaga vinakaushwa kwa ajili ya kilimo na makinda wake hukamatwa. Babu yako alikufundisha kutomdhuru. Katika kizazi chako, kutomdhuru kunamaanisha pia kuuliza kinamasi kilicho karibu na shamba lenu kinafanywa nini.

SWALI: Kuna mtu katika kundi letu la WhatsApp anayetoza shilingi 3,500 kumfungulia mtu mnyama wake kiongozi, kwa kutumia manyoya ya heroe wa Ziwa Nakuru. Je, ni kweli? Na kwa jumla, kuna mnyama awezaye kumwongoza mtu kweli? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Usitume fedha hizo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumiliki wala kuuza viungo vya wanyamapori bila kibali, kwa hiyo hata unyoya ukiwa wa kweli utakuingiza matatani. Isitoshe, wekundu wa heroe hutokana na chakula anachokula, hasa mwani wa maziwa ya magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda na chumvi yake kupungua, mwani huo ulipungua pia, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Ndege ambaye hata rangi yake imetokana na ziwa, atabaki na nguvu gani akiwa unyoya mmoja ndani ya bahasha?

Swali lako la pili lina jibu ninalolipenda sana, nalo ni ndiyo. Yupo ndege wa asali, mdogo, wa rangi ya kahawia, wanayemjua vyema warina asali, Waogiek wa Mau wakiwa miongoni mwao. Humjia mtu akilia kwa kukatakata, kama kiberiti kinachotikiswa, hutangulia miti michache, hutua na kungoja, kisha huendelea hadi penye mzinga wa nyuki. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha mwaka 1989 matokeo ya kazi yao miongoni mwa Waborana: bila ndege huyo warina walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, na wakiongozwa naye, saa 3.2. Kwa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mrina akitoa mlio wa kumwita ambao wanaume hufundishwa na baba zao, nafasi ya kuongozwa hupanda kutoka takriban asilimia 33 hadi 66.

Ndege huyo hutaka nta na viluwiluwi vya nyuki, lakini hawezi kuupasua mzinga wala kuvumilia nyuki, naye mtu ana shoka na moshi ila hajui mzinga uko wapi. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na lazima mmoja ajifunze sauti ya mwingine. Wayao wakimaliza kurina huweka kipande cha sega juu ya majani, mahali palipo wazi, kisha huondoka ndege ashuke ale.