Pima kutoka kwenye kochi, Baba Neema

Mwanangu,

Picha mbili ulizonitumia nimeziona. Umeuliza: kati ya TV mbili za inchi 43, moja Full HD na nyingine 4K iliyozidi bei kwa laki mbili, mama ungechukua ipi? Mama Neema anaitaka 4K, wewe unasitasita. Nimekaa na swali lako siku mbili, maana najua hela hiyo ulivyoidunduliza.

Mimi ningechukua Full HD, na sababu yangu ni fizikia ileile niliyowafundisha watoto wa watu miaka 30.

Krismasi nilipokuja hapo Sakina kuwapimia mapazia, nilipima na sebule. Kutoka kochi kubwa hadi ukuta wa TV ni mita tatu na ushee. Sasa kioo cha inchi 43 kina upana wa kama sentimita 95. Full HD hupanga nukta 1,920 kwenye upana huo, kwa hiyo kila nukta ni nusu milimita. 4K hupanga 3,840, nukta ikawa robo milimita. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, na ukiwa mita tatu hiyo ni karibu milimita 0.9. Kwa hiyo nukta za Full HD zenyewe tayari zimeshaungana machoni mwenu. Kuifaidi 4K ingebidi msogee hadi mita moja na nusu, na hapo ndipo ilipo meza ya chai.

Dukani tofauti mnaiona kwa sababu mmesimama hatua moja tu mbele ya kioo, na video inayochezwa imetengenezwa kwa kazi hiyo, maua na kasuku, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Mwombe muuzaji aweke taarifa ya habari kutoka kwenye king'amuzi, kisha rudi nyuma hatua nne. Chaneli nyingi zisizo za HD zina mistari 576 tu. 4K haiongezi kisichokuwamo, inakuza tu kilichomo. Na mkisema mtaangalia filamu za 4K kwa intaneti, Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 7 kwa saa. Hesabu mabando.

Kuna jambo hukuliuliza, na mimi ningeanza nalo: TV inaonekanaje ukiwa ubavuni? Kwenu hakuna anayekaa katikati isipokuwa wewe. Watoto wako mkekani, Mama Neema yuko karibu na mlango wa jikoni, nami nikija nakaa kwenye kiti cha dirishani. Vioo vingi vya LED ni vya aina mbili, IPS na VA. VA ina weusi mzito, inapendeza usiku taa zikizimwa, lakini ukiitazama kwa pembeni rangi zinapauka. IPS weusi wake ni wa kijivukijivu gizani, ila nyuso za watu hubaki vilevile hata kwa aliyekaa pembeni. Ninyi mnaangalia taa ikiwa imewaka, mmekaa wengi. Kwenye boksi mara nyingi hawaandiki aina ya kioo, kwa hiyo simama ubavuni mwa kila TV, karibu na ukuta, uangalie uso wa msomaji habari. Ukipauka, iache hiyo. Na kama 4K ndiyo inayobaki na rangi yake na Full HD inapauka, basi Mama Neema ameshinda, ongeza laki mbili kwa moyo mweupe.

Yoyote mtakayochukua, king'amuzi kiunganishe kwa waya wa HDMI. Nilipokuja mlikuwa mnatumia ule wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Huo haupitishi HD kabisa, hata kwa TV ya mamilioni.

Kusafirisha: isimame wima. Unakumbuka 2013, analojia ilipozimwa huku kwetu, baba yako akaamua kuachana na TV ya chogo. Alinunua TV bapa huko Arusha, kwenye basi wakailaza chini ya magunia. Tulipoifungua Moshi kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na dukani wakakataa kwa kuwa iliharibikia njiani. Alinyamaza wiki nzima, baba yako. Kwa hiyo iwasheni dukani mbele yenu, chukueni risiti na waranti, kisha wewe mwenyewe ukae kiti cha nyuma cha teksi uishike.

Jumamosi nipo nyumbani. Ukishasimama ubavuni mwa zote mbili, nipigie kabla hujalipa.

Mama yako