Maswali na Majibu: Kompyuta ya Gemu kwa Milioni Mbili na Nusu, Tanga

SWALI: Ndugu fundi, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga. Nimeweka akiba ya shilingi 2,500,000 niunde kompyuta ya gemu, na skrini ninayo tayari, ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Ninacheza zaidi EA Sports FC, Valorant na Call of Duty. Nimepewa makadirio mawili ambayo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza yana prosesa ya Xeon E5-2680 v4 yenye kori 14, ramu ya GB 32, kadi ya michoro iliyoandikwa RX 580 2048SP ya GB 8, na pawa saplai ya wati 600 inayokuja pamoja na kesi. Ya pili yana Ryzen 5 5500, kijiti kimoja cha ramu cha GB 16, kadi ya RX 6600, SSD ya GB 512, na pawa saplai ya aina ile ile. Rafiki zangu wananisisitizia nisiache kori 14 na ramu 32. Wewe unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, chukua makadirio ya pili, lakini usiyachukue kama yalivyo. Prosesa yake inafaa kupandishwa daraja kidogo, ramu yake imepangwa vibaya, na pawa saplai hiyo ningeikataa hata kama ningepewa bure. Nitaeleza kila jambo kwa kadiri ya uzito wake, nikianza na hizo kori 14 kwa kuwa ndizo zinazowavutia rafiki zako.

Xeon E5-2680 v4 ilitoka mwaka 2016 kwa ajili ya seva, yaani mashine zinazohudumia mamia ya maombi madogo kwa wakati mmoja, na kwa kazi hiyo kori nyingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, ni neema. Gemu haiendeshwi hivyo. Sehemu kubwa ya hesabu zake hupita kwenye kori chache, na ile inayobeba mzigo mkubwa ndiyo huamua picha ngapi zitatoka kwa sekunde. Zilizobaki hukaa zikisubiri, sawa na mafundi kumi na wanne walioajiriwa kujenga choo kimoja. Kori moja ya Xeon hiyo hufikia kasi ya juu ya GHz 3.3, ilhali Ryzen 5 5500 hufikia GHz 4.2 na imejengwa kwa usanifu mpya zaidi unaofanya kazi nyingi kwa kila pigo la saa. Ndiyo maana kori sita za Ryzen huishinda Xeon karibu katika kila gemu uliyoitaja.

Lipo pia jambo ambalo aliyekupa makadirio ya kwanza hakukueleza. Xeon hiyo haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na mazabodi (ubao mkuu wa kuchomekea vifaa vyote) nyingi za X99 zinazouzwa nayo hazina TPM 2.0, yaani chipu ya kuhifadhi funguo za usalama. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) ndipo ikubali kufunguka. Ungenunua mashine ambayo siku ya kwanza tu inakulazimisha ubaki kwenye mfumo uliokwisha kuachwa, na hilo peke yake lilitosha kuniondolea hamu nayo.

Sasa kadi ya michoro, ambayo katika kompyuta ya gemu ndiyo inayostahili fungu kubwa kuliko kifaa kingine chochote. Kwa bajeti yako ningeitengea kama thuluthi ya fedha zote. Zitazame vizuri zile herufi na tarakimu za mwisho kwenye jina la kadi uliyopewa. RX 580 halisi ina vitengo 2304 vya kukokotoa. Ile ya 2048SP ina vitengo 2048, hesabu ile ile iliyokuwa kwenye RX 570, kwa hiyo jina limepanda cheo na kilichomo ndani kimebaki pale pale. Isitoshe, kizazi hicho hakina kabisa vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na gemu kama Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 hudai vifaa hivyo ndipo iwake. RX 6600 inavyo, ina nguvu karibu mara mbili ya RX 580, nayo hutumia wati 132 tu. Kwa skrini yako hiyo inatosha, na nakusihi usishawishiwe kuhamia skrini ya pikseli 2560 kwa 1440 kwa sasa, kwani hiyo huongeza pikseli za kuchora kwa takribani asilimia 78 na kuifanya kadi hiyo hiyo ianze kuhema.

Ukikutana na RTX 3060 iliyotumika kwa bei inayolingana, ifikirie, lakini hakikisha ni ile yenye GB 12. Ipo RTX 3060 nyingine ya GB 8 ambayo njia yake ya memori ni biti 128 badala ya 192, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye gemu. Kadi yoyote ya mtumba iwashwe mbele yako, ufungue programu ya GPU-Z, usome idadi ya vitengo na ukubwa wa memori, kisha uendeshe gemu nzito kwa nusu saa bila kuona mistari ya ajabu kwenye skrini wala kusikia feni ikikwaruza. Kadi nyingi zilizochimba sarafu za kidijitali ziliingia sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Sizikatai zote, kwa sababu nyingine ziliendeshwa kwa uangalifu kuliko za wacheza gemu, ila feni zake huwa zimezunguka mno.

Kuhusu prosesa, Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zinafanana kwa jina, kwa kori sita na kwa tundu la AM4, na wauzaji wengi huzitaja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Lakini 5500 ina kashe ya L3 (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 16 na njia za PCIe 3.0 (za kupitishia data kwenda kwenye kadi), ilhali 5600 ina MB 32 na PCIe 4.0. Kashe kubwa husaidia hasa gemu za mashindano kama Valorant, ambazo huhitaji picha nyingi kwa sekunde. Nayo RX 6600 hutumia njia nane tu za PCIe badala ya kumi na sita, kwa hiyo ukiichomeka kwenye mfumo wa PCIe 3.0 unazidi kuibana. Tafuta 5600 pamoja na mazabodi yenye chipseti ya B550. Ukipata B450 kwa bei nafuu itafanya kazi, ila muuzaji akuthibitishie kwamba BIOS yake, yaani programu ya kuiamsha mashine, imekwisha kusasishwa, la sivyo prosesa haitatambuliwa na utarudi dukani na mashine isiyoonyesha kitu. Core i5-12400F ya Intel nayo ni mbadala mzuri, kama ukiipata na mazabodi ya ramu ya DDR4. Kumbuka kwamba 5500, 5600 na hiyo ya F hazina michoro ya ndani, hivyo bila kadi hutapata picha kabisa.

Wapo watakaokuambia uende AM5, tundu jipya zaidi la prosesa za Ryzen, ili upate nafasi ya kupandisha siku za usoni. Ushauri huo una mantiki, lakini AM5 hutumia ramu ya DDR5 peke yake, na bei za memori zimepanda duniani kote tangu mwishoni mwa 2025 kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. DDR4 nayo imeguswa na mkumbo huo. Kwa fedha ulizo nazo, tofauti hiyo ingelazimika kumegwa kwenye kadi ya michoro, na hapo ungepata hasara leo kwa ajili ya faida ya kesho.

Kwa sababu hiyo hiyo ya bei, GB 32 si kitu cha kukimbilia. GB 16 zinatosha kwa gemu ulizozitaja, lakini ziwe vijiti viwili vya GB 8 na si kijiti kimoja. Vijiti viwili vya DDR4-3200 hupitisha data hadi GB 51.2 kwa sekunde, na kimoja hupitisha nusu yake. Ukishaunganisha, ingia kwenye BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa ramu kasi yake kamili, maana ramu nyingi huamka kwa kasi ya chini hadi ziamriwe vinginevyo. SSD, yaani diski ya kuhifadhia gemu, chukua ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi, na ikiwezekana iwe ya TB 1, kwa kuwa Call of Duty pekee inaweza kumeza zaidi ya GB 100.

Nimefika kwenye pawa saplai. Zile zinazokuja bure na kesi huandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, lakini ukweli uko kwenye stika ya ubavuni. Omba ufunguliwe kesi, utafute safu ya +12V, usome ampea zake, kisha uzidishe kwa 12. Chukua mfano wa stika inayosema ampea 18: jibu ni wati 216. Hizo ndizo wati zinazoilisha prosesa na kadi ya michoro, wala si 600 zilizoandikwa juu. Mashine yako itahitaji wati 132 za kadi, karibu 76 za prosesa inapokazana, na kiasi kingine cha mazabodi, feni na SSD, jumla ikakaribia 260. Pawa saplai ya namna hiyo ingekuwa imezidiwa kabla hujafika kipindi cha pili cha mechi. Unayoitaka ni ya wati 500 au 550 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yenye ampea zisizopungua 40 kwenye +12V, na waya wake yenyewe wa pini nane kwa ajili ya kadi. Fundi akikuletea adapta ya kuunganisha plagi za Molex ili apate pini nane, mkatalie kwa adabu. Alama ya 80 Plus Bronze ni nzuri, ingawa hupima namna umeme unavyotumika bila kupotea, na haithibitishi kwamba kifaa kina kinga zote. Kwa hiyo isome pamoja na jina la mtengenezaji na miaka ya dhamana.

Umeme wa nyumbani nao uingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Angalau nunua friji gadi nzuri, ambayo hukata umeme ukipanda au kushuka mno na kusubiri kidogo unaporudi. Ukiweza, nunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, yenye kirekebisha volti ndani yake, lakini usidanganywe na VA: UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hutoa wati kati ya 360 na 390 tu. Chomeka humo mashine na skrini peke yake, spika kubwa zikae kwingine. Baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na UPS za bei nafuu na huzima papo hapo zinapohamia kwenye betri, kwa hiyo jaribu kuchomoa plagi ya ukutani wakati gemu inaendeshwa, kabla hujalipa fedha zote.

Kesi iwe na uso wa wavu, hata kama ile ya kioo na taa inapendeza zaidi. Katika miezi ya kaskazi chumba huwa na joto tayari, na kioo cha mbele huzinyima feni hewa. Weka feni mbili mbele zikivuta na moja nyuma ikitoa. Feni inayokuja na Ryzen 5 5600 inatosha kupoza prosesa. Chumvi ya bahari huingia na unyevu, basi usiiweke mashine mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na usiiache wiki nyingi bila kuiwasha. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Kompresa ya gereji iache kabisa, kwa kuwa hewa yake hubeba maji na mafuta.

Iwapo vifaa utaviagiza Kariakoo vije kwa basi, agiza kadi ya michoro isafirishwe ikiwa nje ya mashine, ndani ya boksi lake, kwani uzito wake na mtikisiko wa njiani huweza kuvunja tundu la mazabodi. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye namba ya kila kifaa, kisha zilinganishe namba hizo na zilizo kwenye stika kabla hujaondoka pale unapopokelea mzigo.

Fedha zikipungua, punguza kwa utaratibu huu: anza na kesi, uchukue ya kawaida isiyo na taa, kisha shusha SSD hadi GB 512 kama ilivyokuwa kwenye makadirio, kisha rudi kwenye Ryzen 5 5500, ambayo licha ya niliyoyasema bado ni prosesa ya heshima. Vijiti viwili vya ramu, kadi ya michoro na pawa saplai usiviguse. Ikiwa hata hapo hazitoshi, ni afadhali uahirishe UPS mwezi mmoja au miwili, utumie friji gadi, na uchomoe plagi ukutani kila unapomaliza kucheza.