Simu ya shilingi 640 imemeza pesa za vitambaa

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kutoka Kibuye, Kisumu, ninakoshona nguo. Mwezi jana niliingia mnada wa mtandaoni wa simu mpya. Bei ilianzia sufuri. Kila dau ni shilingi 50 na linapandisha bei kwa shilingi moja tu. Nilinunua madau 60 kwa M-Pesa. Kila zilipobaki sekunde tatu mnada ufungwe, mtu yuleyule alipiga dau, na saa ikaongezwa sekunde 15. Madau yangu yakaisha, simu ikaenda kwa 640. Pesa hizo alinipa mteja za vitambaa vya sare. Je, nimeibiwa?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Hebu tupige hesabu. Bei kufika 640 ni madau 640, na kila moja ni shilingi 50: jumla 32,000. Mshindi naye bado analipa zile 640. Elfu tatu zako zimo humo. Anayeshindwa mnada wa ng'ombe hurudi nyumbani na pesa zake zote. Huku walioshindwa ndio walioilipia simu. Kwangu mimi hiyo ni kamari, waiite watakavyo. Marekani, tume inayolinda wanunuzi, FTC, ilitoa onyo kuhusu minada hii mwaka 2011.

Huyo wa sekunde tatu huenda ni mnunuzi kama wewe, kwa kuwa wengi huvizia mwisho. Huenda pia ni programu ya mwenye mnada, iliyowekwa ili bei isisimame. Ikiwa ni programu, hapo ndipo wizi ulipo, na ndilo la kuuliza. Waandikie, usipige simu: nani alishinda, na je, wao wenyewe hupiga madau? Dai pesa zako. Usifute ujumbe wa M-Pesa, na upige picha za skrini kabla ukurasa haujabadilishwa.

Wakikaa kimya au wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa ukweli kuhusu unachonunua, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza udanganyifu wa aina hii. Siwezi kukuahidi kwamba pesa zitarudi. Na akikupigia mtu akitaka “ada kidogo” ili akurudishie, kata simu.

Lakini mwenye sare mwambie leo, kabla hajaja kuzichukua. Muombe siku chache, na umtajie tarehe utakayoiweza kweli.