Mashua ya mbao au boti ya faiba ya kuvukia Pemba?

Ndugu, umeuliza ununue mashua kuukuu ya futi 24 au boti ya faiba, ili uvuke na familia kutoka Tanga hadi Pemba. Bei zikiwa sawa kama ulivyosema, ningechukua mashua. Mafundi wake wapo pwani nzima.

Ila usilipe kabla hujaiona ikiwa nchi kavu. Choma mkuku (boriti kuu ya chini inayoshika mashua nzima) na mbao za chini kwa ncha ya kisu. Kikizama, mbao imeoza au imeliwa na wadudu. Tazama na misumari yenye kutu. Rangi mbichi isikupumbaze. Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, hurudiwa kila mara, hilo si tatizo, lakini mkuku ulioliwa achana nao. Mlipe fundi asiyejuana na muuzaji aikague.

Tanga moja la mashua halitoshi. Beba na tanga dogo la upepo mkali. Nanga mbili, dira, jaketi okozi la kila mtu (ya watoto yawe saizi yao), ndoo ya kutolea maji yanayoingia chomboni hata kama kuna pampu, na redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini), chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada. Simu hukosa mtandao katikati.

Mkondo wa Pemba huenda kaskazini, kwa hiyo kaskazi, upepo utokao upande wa kaskazini, ikivuma kwa nguvu hupingana na mkondo na mawimbi husimama. Usivuke siku hizo, na safari za mwanzo mchukue nahodha mzoefu. Usajili na ukaguzi waulize TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini Tanzania Bara) kabla ya kubeba mtu yeyote.