Joto Kwanza, Maziwa Baadaye: Nilivyomlea Mtoto wa Paka Aliyefiwa na Mama

Siku ya pili ya likizo ya Juni, jioni, niliingia stoo kuchota mkaa nikasikia sauti nyembamba ikitoka nyuma ya gunia. Nilipolisogeza nikakuta watoto watatu wa paka, weusi tii, wamelaliana juu ya kipande cha khanga kuukuu. Mama yao nilikuwa namfahamu. Alikuwa paka wa mtaani aliyezoea kupita juu ya ukuta wetu kila asubuhi, na jana yake tulikuwa tumemkuta barabarani amegongwa na gari. Mimi sikuwa nimewahi kufuga paka, na niliyoyajua kuhusu wanyama hao hayakuzidi yale anayoyajua kila mtu, kwamba wanakamata panya na wanapenda maziwa. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Hapa Morogoro, usiku wa Juni huja na baridi inayoteremka kutoka milima ya Uluguru, na wale watoto walikuwa wameshinda na kulala bila mama. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili nilipomshika alikuwa wa baridi hata ndani ya kinywa, lakini bado alikuwa akifumbua mdomo pasipo kutoa sauti, nami nikadhani ni njaa. Nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikamdondoshea akiwa amelala chali kiganjani mwangu kama mtoto mchanga wa binadamu. Alikufa kabla ya saa sita usiku. Katika tendo hilo moja nilikuwa nimefanya makosa matatu, na mengi ya haya ninayoandika yanatokana nayo.

Wa tatu alinusurika kwa woga wangu tu. Sikuthubutu kumlisha, kwa hiyo nilimfunga kifuani ndani ya khanga, nikakaa naye kwenye kochi hadi alfajiri. Kulipokucha alianza kulia kwa nguvu, nikampa maziwa yaleyale ya ng'ombe, na tulipofika kwa daktari wa mifugo saa nne alikuwa ameshaanza kuharisha. Daktari, mzee mtaratibu ambaye aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwa yule kiumbe, alimbinya ngozi ya shingoni, akatazama fizi zake, kisha akaniuliza: "Binti yangu, huyo aliyekufa ulimpasha joto kwanza au ulimlisha kwanza?"

Alinieleza kwamba mtoto wa paka aliye chini ya wiki tatu hawezi kujitunzia joto la mwili, bali hulipata kwa mama na kwa ndugu zake anaolaliana nao. Akishapoa, tumbo lake huacha kufanya kazi, na maziwa unayomlazimisha kumeza hayasagiki ila hubaki humo na kumdhuru, kama hayajapitia njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo anayeokota mtoto wa paka aliyepoa ampashe joto polepole, kwa mwili wake mwenyewe au kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mpaka masikio, nyayo na kinywa vipate uvuguvugu na aanze kuhangaika kutafuta chuchu. Hapo ndipo chakula kinapoanza kufikiriwa.

Makao yake kwangu yalikuwa boksi la viatu lililotandikwa taulo, na ndani yake chupa ya plastiki ya nusu lita yenye maji ya moto, niliyoivisha soksi nzito. Chupa ilikaa upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kujikokota kwenda upande wa pili, kwa sababu joto kupita kiasi nalo huua. Katika wiki ya kwanza ya maisha, pale anapolala panahitaji nyuzijoto 29 hadi 32 hivi, kisha hupunguzwa kadiri anavyokua. Chupa hupoa haraka kuliko unavyodhani, na ikishapoa humnyonya mtoto joto badala ya kumpa, hivyo kila nilipoamka kumlisha nilibadilisha maji kabla ya kugusa maziwa.

Hapa niongeze jambo ambalo ningependa nilijue mapema. Mama wa watoto hawa nilikuwa nimemwona kwa macho yangu amekufa, lakini si kila mtoto wa paka anayekutwa peke yake ni yatima. Paka huwaacha wanawe kwa saa kadhaa akitafuta chakula, na anapohama huwabeba mmoja mmoja kwa mdomo, kiasi kwamba unaweza kumkuta mmoja akisubiri zamu yake. Wakiwa wametulia, wana joto na matumbo yamejaa, jitenge mbali uangalie kwa saa chache kabla ya kuwaokota, kwani hakuna utakachofanya kitakachoshinda malezi ya mama yao.

Kuhusu maziwa, ya ng'ombe yana sukari ya laktosi nyingi kuliko ya paka, huku protini na mafuta yakiwa pungufu, ndiyo maana humharisha mtoto na hayamkuzi. Kinachotakiwa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Sikuyapata katika maduka niliyozunguka Morogoro, kwa hiyo ndugu yangu alinunua kopo Dar es Salaam akalituma kwa basi, likafika jioni ileile. Hadi lilipofika, daktari alinipa maji ya chumvichumvi kama yale wanayopewa watoto wanaoharisha, akanipimia kiasi cha kumdondoshea. Bei ya kopo hilo sitaitaja, isipokuwa niseme kwamba mume wangu aliuliza mara mbili kama nimesoma risiti vizuri.

Nilipewa kipimo cha takribani mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja, kila baada ya saa tatu usiku na mchana, kwa kuwa kwa kutazama macho yaliyofumbuka nusu daktari alimkadiria kuwa na siku tisa hivi. Macho ya paka hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na meno ya mbele huanza kuchomoza kuelekea wiki ya tatu, kwa hiyo umri si vigumu kuukisia. Mwenye umri chini ya wiki moja hulishwa kila baada ya saa mbili. Maziwa yawe na joto la mwili, nawe uyajaribu kwa tone kwenye kifundo cha mkono kama unavyofanya kwa mtoto.

Mkao wa kulishia ndio nilioukosea zaidi. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelala kifudifudi, miguu ya mbele ikikanda kitu laini na kichwa kimeinuka kidogo tu. Nilimweka juu ya taulo lililokunjwa, nikamgusisha mdomo wa bomba upande wa mdomo wake, nikamwachia avute mwenyewe, kwa maana ukisukuma bomba kwa haraka maziwa hutokea puani, na yakitokea puani ujue mengine yameshika njia ya mapafu. Akimaliza nilimwinua begani na kumpapasa mgongo ili abeue.

Baada ya mlo kuna kazi ambayo hakuna aliyeniambia habari zake hapo awali. Mtoto mdogo wa paka hawezi kukojoa wala kupata choo peke yake. Mama humlamba sehemu hizo mpaka atoe. Asiyekuwa na mama husuguliwa kwa upole na pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, kila mlo, mpaka afikishe wiki tatu hivi na kuanza kujitegemea. Mkojo uwe wa rangi hafifu, na choo kiwe cha njano na kilichoshikana. Mume wangu, ambaye nepi za wanawe aliziogopa kama moto, ndiye aliyekuwa hodari wa kazi hii kuliko sote.

Kama ningeruhusiwa kununua kifaa kimoja tu, ningenunua mizani. Jirani yetu anayeoka keki aliniazima ya kwake ya kidijitali, nami kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya mlo, nilimweka mtoto ndani ya bakuli na kuandika uzito wake kwenye daftari. Anayenyonya vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Daftari langu linaanza hivi: 142, 149, 160, 158. Hiyo 158 ni ya usiku ambao umeme ulikatika, jagi la maji halikuchemka, nami nikapitiwa na usingizi mlo mmoja. Kwa macho nisingeona tofauti yoyote, maana alikuwa akilia na kutambaa kama kawaida, lakini mizani iliona. Uzito ukishuka, au ukisimama siku nzima, usingoje dalili nyingine, mpeleke kwa daktari. Siku alipofika gramu 250 watoto walipiga makofi, wakampa jina la Robo, yaani robo kilo.

Viroboto alikuwa nao wengi, na si jambo la kupuuza, kwani kwa mwili mdogo kiasi hicho wanaweza kumaliza damu. Katika duka moja la dawa nikauziwa chupa ya kupulizia mbwa, muuzaji akaniapia kwamba mbwa na paka ni mamoja. Nilimpigia daktari simu kabla ya kuifungua, na nashukuru. Dawa nyingi za mbwa zina pemethrini, ambayo ni sumu kwa paka hata aliyekomaa. Nilimwosha Robo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, shingo kwanza ili viroboto wasikimbilie usoni, nikamchana kwa kichana chenye meno ya karibu, kisha nikamkausha mara moja na kumrudisha kwenye chupa yake. Kwa msingi huohuo, usimpe paka parasetamo hata chembe, kwa sababu humwua. Dawa ya minyoo tuliipata kwa daktari, kwa kipimo cha uzito wake.

Alipofikisha wiki ya nne nilianza kuchanganya maziwa na chakula laini cha watoto wa paka kwenye kisosi, akakanyaga zaidi ya alivyokula, na baada ya wiki mbili hivi bomba likawekwa kabatini. Shule zilipofunguliwa mwezi Julai nilimbeba siku chache ndani ya kikapu hadi ofisi ya walimu, nikimlisha kati ya vipindi. Mwalimu mmoja alinihadharisha kwamba paka mweusi si wa kufugwa; juma lililofuata nilimkuta akimshikia kisosi. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani sikumpa, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya paka. Choo alijifunza kwa siku mbili kwenye beseni pana lenye mchanga, ambalo nililisafisha kila siku, na mdogo wangu aliyekuwa mjamzito tulimkataza kuligusa kwa sababu ya toksoplasma, vimelea vya kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kucheza naye kwa vidole. Mtoto aliyelelewa na ndugu zake hujifunza kwao kiasi cha kung'ata, maana akizidisha huonjeshwa naye. Robo hakuwa na wa kumwonjesha, na hadi nilipobadilisha mikono kwa kamba iliyofungwa kitambaa, mikono ya watoto wangu ilikuwa imejaa mikwaruzo. Kama unaweza kulea wawili pamoja, lea wawili.

Chanjo ya kwanza alichomwa akiwa na wiki nane, zikafuata za marudio kila baada ya wiki tatu au nne, na ya kichaa cha mbwa alipotimiza wiki kumi na mbili, kwani ugonjwa huo, licha ya jina lake, huwapata paka pia. Akiwa na miezi mitano tulimhasi. Mwenye paka jike asichelewe hapo, kwa sababu anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu.

Mizani ya jirani niliirudisha mwezi Agosti, nikiwa nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Aliipokea, akaitazama, akacheka, na wiki hiyohiyo nikamwona akitoka dukani na nyingine mpya.