Foleni ya Kigongo ilivyonifundisha kusoma grafu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilijua kuchora grafu, ila kuisoma sikujua. Unipe mlinganyo, nakutengenezea jedwali, naweka nukta, naziunganisha kwa mkono usiotetemeka. Mwalimu akigeuza kibao, akanipa grafu iliyokwisha kuchorwa na kuniuliza inasema nini, nilikuwa naikodolea macho kama mtu aliyeshikishwa albamu ya harusi ya watu asiowajua.

Jaribio moja lilileta grafu ya safari ya gari. Mstari ulipanda, ukalala kidogo, ukapanda tena. Swali: eleza kilichotokea pale ulipolala. Nikaandika kwa kujiamini kwamba gari lilifika kwenye barabara tambarare. Sifuri. Nilinung'unika wiki nzima, maana hakuna aliyenieleza kosa langu. Leo nafundisha tuisheni jioni hapa Kirumba, na kila mwaka kuna kijana ananiletea jibu lilelile, neno kwa neno.

Kilichonifungua macho ni safari za kwenda kwa bibi, Sengerema. Kama umekulia Mwanza unazikumbuka zile safari za kabla ya daraja. Basi linatoka Nyegezi vizuri, Usagara mmefika, Kigongo hiyo hapo, halafu mnakaa. Foleni ya kivuko cha kuvuka Ziwa Victoria. Watu wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma, watoto wanalia, kondakta anawaambia msiende mbali. Saa nzima inakatika hamjasogea.

Sasa ichore. Chini, kwenye mhimili mlalo, weka muda. Kwenye mhimili wima weka umbali kutoka Nyegezi. Mpaka Kigongo mstari unapanda. Kwenye foleni unalala, kwa sababu saa inakwenda na umbali umegoma. Mkishapanda kivuko mstari unaanza kuinuka tena, lakini polepole, maana kivuko si basi. Mkishuka Busisi dereva anakanyaga mafuta kufidia muda, na mstari unasimama karibu wima. Hapo ndipo nilipojicheka. Ziwani, mahali palipo tambarare kuliko pote katika safari ile, mstari unapanda. Unalala pale tulipokuwa tumesimama tunakula mahindi. Grafu haikuwahi kuwa picha ya barabara.

Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na mimi likaniongezea kitendea kazi. Nachora safari mbili kwenye mihimili ileile, ya enzi za kivuko na ya daraja, bila kuziandika majina. Nawauliza ipi ni ipi. Wanaotafuta mlima na bonde wanapotea. Wanaouliza "Ticha, hapa chini umeweka nini?" wanapata ndani ya dakika moja: kile kipande kilicholala hakipo tena, na mstari unafika Sengerema mapema zaidi.

Kwa hiyo kabla hujautazama mstari, weka kidole kwenye mhimili mlalo, sema kwa sauti unahesabu nini. Hamia mhimili wima, sema tena. Kisha tembea na mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma sentensi. Wanafunzi wangu wanaona aibu kusema kwa sauti. Nawalazimisha.

Ukiwa bado kwenye mihimili, angalia inaanzia wapi. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipopanda mpaka kuingia kwenye makazi ya pwani, zilizagaa grafu za kina cha ziwa kwenye simu za watu. Ukizitazama unaona ukuta wa mwamba: miaka ya 1961 hadi 1964 ziwa linaruka zaidi ya mita 2, linashuka kwa kusuasua, linazama katikati ya miaka ya 2000, kisha 2020 linapaa mpaka rekodi ya 1964. Zilikuwa grafu za kweli. Lakini mhimili wake wima haukuanzia sifuri, ulikuwa umekatwa ili uoneshe zile mita chache tu za mabadiliko. Ziwa letu lina kina cha wastani cha mita 40 hivi. Chora kuanzia sakafu ya ziwa, na kishindo chote kile kinakuwa kijimkunjo usichokiona bila miwani. Ipi sahihi? Zote. Mwenye nyumba kando ya maji anahitaji ile iliyokatwa, kwa sababu nusu mita kwake ni kitanda kuloa. Wewe uliyekaa mezani na mtihani unahitaji kujua tu kwamba mhimili si lazima uanzie sifuri, na mraba mmoja wa karatasi si lazima uwe moja. Nimeona maksi nyingi zikipotea hapo.

Tuje kwenye aljebra yenyewe. Chukua y = x² − 4x + 3. Inatoa parabola, ule mkunjo kama bakuli. Unakata mhimili wa x kwenye 1 na 3, unakata mhimili wa y kwenye 3, na kitako cha bakuli kipo kwenye (2, −1). Haya kila mtu anayaona. Mlinganyo huu ni funksheni, yaani kanuni inayoipa kila x y moja tu; tuiite f. Shida ni maswali mawili yanayofanana sura. Ukiulizwa f(4) ni ngapi, yaani y pale x ikiwa 4, unaanzia chini: simama kwenye 4 ya mhimili wa x, panda mpaka ugonge mkunjo, geuka kushoto usome mhimili wa y. Ni 3. Ukiulizwa ni wapi f(x) = 3, safari inageuka: anzia 3 kwenye mhimili wa y, nenda mlalo, na kila unapogonga mkunjo shuka usome x. Unapata 0 na 4, majibu mawili. Mwanafunzi asiyejua swali linaanzia mhimili upi ataandika moja na kufunga daftari.

Swali la tatu linaua zaidi: funksheni hii ni hasi wapi? Vijana wanaiona ile −1 kule chini, wanaandika "kati ya −1 na 0". Hapana. Neno "wapi" linauliza x. Mkunjo uko chini ya mhimili wa x kuanzia 1 hadi 3, basi jibu ni kati ya 1 na 3.

Domeni, yaani x zote zinazotumika, na renji, yaani y zote zinazopatikana, nilizikariri miaka miwili bila kuzielewa. Siku hizi nasema ni vivuli. Jua la saa sita liko juu ya mkunjo, kivuli kinachoanguka kwenye mhimili wa x ndicho domeni. Jua la jioni linamulika kutoka ubavuni, kivuli kwenye mhimili wa y ndicho renji. Bakuli letu halina kivuli chini ya −1, hivyo renji ni y ≥ −1.

Na ile rula ya kusimamisha wima ili kujua kama mchoro ni funksheni? Rudi Kigongo. Saa nne kamili huwezi kuwa kwenye foleni na wakati huohuo uko Sengerema kwa bibi. Rula ya wima ikigusa mchoro mara mbili, mchoro unadai hilo. Rula ya mlalo ikigusa mara nyingi haina neno, kwani mahali pamoja unaweza kukaa saa nzima. Sisi tulikaa.

Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni na hajawahi kusoma aljebra. Mwaka jana nilichukua bei alizoandika kwenye daftari lake, miezi mitatu, nikazichora. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, wavuvi wengi hupumzika na bei inapanda. Mkunjo ukatoka na vilele vinavyopishana siku 29 au 30. Nikampelekea nikiwa na hotuba yangu tayari.

Akaishika karatasi mbali kidogo na macho. "Hizi huku chini ni siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na huku pembeni bei." Akaweka kidole kwenye kilele cha kwanza. "Hapa mbalamwezi. Hapa tena. Na hapa tena." Kidole kikasimama kwenye kinundu kidogo kati ya kilele cha pili na cha tatu, ambacho mimi nilidhani nimekosea kuchora. "Hapa mvua ilinyesha siku nne. Dagaa hawakukauka."