Maswali yenu: sanduku lenye matundu, mikoko darasani na kanga kwenye simu

Mambo mawili huchanganywa, basi tuyatenge kwanza. Uhalisia ulioongezwa ni pale simu inapokuwekea kiti sebuleni kupitia kamera, na sebule yako bado unaiona. Uhalisia pepe ni ile miwani inayokufunika macho kabisa na kukutoa hapo ulipo.

Nauza masanduku ya mbao yaliyopigiliwa misumari ya shaba. Nimelipiga moja picha 30 ili programu ya simu initengenezee modeli ya pande zote. Limetoka na matundu kama limeliwa na mchwa. Simu yangu mbovu? (Muuzaji, Mlandege)

Simu nzima, bwana. Kosa ni mng'ao. Programu hizi, iwe RealityScan, Polycam au KIRI Engine, hutafuta alama ile ile katika picha nyingi, kisha hupiga hesabu alama hiyo ipo wapi. Mng'ao wa shaba hauna makao: ukisogea hatua moja, nao unasogea. Programu inakosa pa kushika, inaacha tundu.

Litoe sanduku nje kivulini, au ngoja siku ya mawingu. Flashi zima. Usiliweke juu ya vigae vyeupe vinavyong'aa. Tandika chini yake mkeka wa ukili uliotiwa rangi, maana ile michoro yake ndiyo inayoipa programu alama za kushika. Halafu zunguka wewe, sanduku lisiguswe. Ukiligeuza sanduku huku ukuta wa nyuma umesimama pale pale, programu haijui imwamini nani.

Piga mizunguko mitatu: usawa wa goti, usawa wa kifua, kisha ukiinamisha simu kutoka juu. Kila mzunguko picha 24, yaani moja kila digrii 15, na kila picha ionyeshe angalau theluthi mbili ya kile kilichokuwa katika picha iliyotangulia. Jumla 72, ongeza kama kumi za karibu kwenye komeo na nakshi. Kabla ya kuanza, gusa skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Maliza ndani ya dakika kumi, kwani jua likihama kivuli nacho kinahama.

Shaba ikiendelea kusumbua, paka poda ya mtoto kwa brashi laini juu ya misumari peke yake. Ikiingia kwenye nakshi utaitoa kwa tabu. Na ujue shaba itatoka nyeupe kwenye modeli, itakubidi uirudishie rangi katika programu ya Blender. Kwa hiyo poda iwe jaribio la mwisho.

Mteja wa Dar amefungua modeli ya kiti changu, kikatokea kikubwa kuliko nyumba! (Fundi seremala, Chake Chake)

Faili la GLB, yaani faili linalobeba modeli, husoma kila kipimo kuwa mita. Kiti cha sentimita 90 kikiandikwa 90, kinakuwa mnara. Na modeli ya picha nayo ina tabu yake: picha peke yake hazijui ukubwa, maana kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali huonekana sawa.

Pima kiti kwa tepu. Fungua modeli kwenye Blender, ambayo ni ya bure, bonyeza N uone vipimo. Ikiwa kimo kinasoma 3.6 na kiti halisi ni mita 0.9, gawanya: 0.9 kwa 3.6 ni 0.25. Bonyeza S, andika 0.25, Enter, kisha Ctrl+A na uchague Scale. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na baadaye vipimo vikawachanganya.

Toa mafaili mawili, GLB kwa Android na USDZ kwa iPhone. Punguza pembetatu zinazounda modeli zibaki kama 50,000, na picha ya ngozi ya modeli, ile inayoipa rangi, isizidi pikseli 2048 kila upande, faili likae chini ya megabaiti 5. Mteja anatumia bando lake. Simu ya Android isiyokubali ARCore, yaani huduma ya Google ya uhalisia ulioongezwa, itamwonyesha kiti cha kuzungusha tu, hakitasimama sakafuni kwake. Kwa hiyo vipimo viandike pia kwa maneno. Hata mwenye simu nzuri atavihitaji: modeli itamwonyesha kwamba kabati linaenea chumbani, haitamwambia kwamba halipandi ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe.

Vipi kanga, mteja aivae kwenye simu? (Bi mwenye duka, Darajani)

Tungekushauri usijisumbue, Bi. Nguo laini inayokunjika ni ngumu mno kuiiga vizuri, na kanga inanunuliwa kwa maneno yake. Itandike bapa kivulini, weka karatasi nyeupe pembeni ili urekebishe rangi mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli, jina lisomeke. Picha moja safi itauza kuliko modeli iliyokunjamana.

Nataka kufundisha mikoko. Darasa lina wanafunzi 45, intaneti ya skuli haitegemeki, na miwani ya bei hatuna. (Mwalimu wa sayansi, Wete)

Hujakwama, Mwalimu. Azima kamera ya digrii 360 kwa siku moja. Ipandishe juu ya fimbo yake, mita 1.2 kutoka matopeni, usawa wa macho ya mtoto. Chochote kilicho ndani ya mita moja hukatika pale picha za lenzi mbili zinapounganishwa, na mshono huo uko ubavuni mwa kamera. Elekeza lenzi, si ubavu, kwenye mizizi unayotaka kuonyesha.

Nenda siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka karibu mita 4. Piga picha maji yakiwa yamekupwa, chomeka kijiti hapo hapo, rudi baada ya saa sita hivi upige ya maji kujaa. Hapo somo linajieleza: mizizi ya mkoko iliyojipinda kama miguu ya kaa, na ile ya mchu iliyochomoza topeni kama penseli, mtoto anaiona kabla na baada ya kufunikwa.

Picha iwe na upana mara mbili ya kimo chake. Inakili kwenye simu kwa kadi ya kumbukumbu, usitegemee kupakua darasani. Viboksi vya kuangalizia, ambavyo simu hutiwa ndani yake, vikate kwa kadibodi kwa ramani za Google Cardboard, zilizo wazi kwa yeyote. Kwa ramani ya toleo la kwanza, lenzi ni za fokasi ya milimita 45. Ijaribu kila simu kwanza: fungua video ya digrii 360 ya YouTube na ugeuke nayo. Picha isipogeuka au ikirukaruka, simu hiyo haina jairoskopu, yaani kihisi cha kujua imegeukia wapi, iache.

Viboksi vitano kwa dakika 3 kila zamu ni zamu tisa, dakika 27, kipindi cha 40 kinatosha. Wasio na kiboksi wachore. Mwenye macho mekundu asishiriki siku hiyo.

Mwanangu hutapika akivaa miwani. (Mzazi, Mwanakwerekwe)

Ni kichefuchefu cha boti ya Pemba, ila kimegeuzwa: botini sikio linahisi mwendo na macho hayauoni, kwenye miwani macho yanauona na sikio halihisi. Akae kwenye kiti, aangalie picha zilizotulia na si video za kamera inayotembea, dakika 3 hadi 5. Akianza kutokwa jasho, vua papo hapo, kuvumilia kunazidisha.

Miwani yetu ina doa la njano katikati ya skrini, halifutiki. (Ofisi ya utalii, Nungwi)

Iliachwa barazani ikitazama jua. Lenzi zilikusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, zikaunguza skrini, na sekunde chache zinatosha. Halitibiki ila kwa kubadili skrini. Miwani ikivuliwa ilazwe lenzi chini, na ihifadhiwe kwenye mfuko wake. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani. Spiriti huondoa utando wa lenzi, itumieni kwenye mkanda wa plastiki tu.